Nafufua boti ya alumini kwa ploti yangu Utawala, njooni mnishauri kabla sijaiharibu

BabaNeema
Wasee habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa miaka nenda rudi, leo nafungua uzi juu nimejiingiza kwa kitu sikielewi. Mwezi wa kwanza nilienda Naivasha kuchukua tanki la maji kwa shamba moja walikuwa wanauza vitu, kando ya zizi nikaona boti imelazwa kifudifudi na kuku wanataga chini yake. Ya kuvulia, alumini, futi 14, viti vitatu vya kukatiza, ribiti mwili mzima kama ndege. Jamaa wa skrepa alikuwa ashafika na mizani anataka kuikatakata. Sijui nilishikwa na nini, nikasema nipeni mimi. Elfu 40 pamoja na trela yake. Tanki sikununua. Mama Neema hadi leo huniuliza tanki iko wapi.

Hali ya mgonjwa: rangi ya kijani safu kama nne, inabanduka. Sakafu ya plaiwudi imeoza yote, nimeshaitoa kwa koleo. Ule ubao wa nyuma wa kufungia injini ukiudunga na bisibisi inaingia kama kwa ugali wa jana. Alafu kuna mtu zamani alipaka lami juu ya ribiti za chini, hapa na pale, kumaanisha ilikuwa inavuja na yeye hakujua wapi. Fundi wa hapa steji amekuja akaangalia akasema atachomelea ribiti zote nusu siku, nitoe pesa tu. Nimpe kazi?

KarizFundi
Usimpe. Mimi nachomelea milango na mageti Kariobangi mwaka wa 15 huu na nakwambia kama mtu ana mashine ya vijiti tu, hata asiguse hiyo kitu. Alumini inayeyuka kwa digrii 660 lakini ile ngozi yake ya juu, oksaidi, inataka zaidi ya 2,000. Sasa wewe unapiga moto ngozi ikatae, unaongeza, unaongeza, kumbe ndani imeshakuwa uji. Na haigeuki nyekundu kukuonya kama chuma, inakaa vile vile tu alafu ghafla inaanguka chini mbele ya macho yako. Inataka mashine ya kuchomelea ya TIG yenye umeme wa AC, gesi ya agoni, na bati safi kabisa. Yako iko na lami kwa maungio, hiyo lami ikichemka inatoboa weldi kutoka ndani. Na moto unalegeza ribiti za jirani. Utaziba moja ufungue tano.

OmoshWaDunga
Hongera kwa boti. Huku kwetu ziwani ni mbao na faiba, ya alumini unaiona moja moja. Kabla ya kitu kingine chochote angalia beringi za trela. Nimesema.

BabaNeema
@KarizFundi umechelewa kidogo bosi. Jana jioni nilimpa sufuria kuukuu ajaribie kwanza. Imebaki duara la mdomo na masikio mawili. Nimemlipa soda nikamshukuru.

MsafiKabisa
Rangi usihangaike kukwaruza. Chukua ile kostiki soda ya kuzibua sinki, changanya na maji moto, mwagia, rangi inatoka yenyewe kama ngozi ya nyoka.

MamaTatu
Weeee BabaNeema usithubutu!! Hujawahi kuona sufuria ikipikiwa githeri na magadi vile inageuka nyeusi? Hiyo ni magadi tu, kostiki ni mara mia. Inakula alumini yenyewe, inatoa mapovu, na hewa inayotoka ni haidrojeni, cheche moja tu ya sigara utaita majirani. Tumia dawa ya kutolea rangi iliyoandikwa inafaa alumini, alafu brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma pia hapana, wala stili wuli ya jikoni, inaacha vichembe vya chuma ndani ya alumini na hapo ndio inaanza kuoza madoa madoa. Na kama rangi ni ya zamani chukulia ina madini ya risasi, piga msasa ikiwa na maji, vaa barakoa, watoto wakae mbali.

NahodhaMstaafu
Salaam jamani. Mimi ni mtu wa Lamu, sasa niko South B kwa binti yangu, bahari naiona kwa televisheni. Nawasoma mwazungumza rangi na moto, na hakuna aliyeuliza chombo chavuja wapi. Baba Neema, kabla hujaziba, jua. Sisi jahazi likivuja twaliweka kavu, maji twayatia ndani, tukaangalia kwa nje yatokea wapi. Maji yaliyokuwa yakiingia ndiyo hayo hayo yatakayotoka. Hapo ndipo wajua pa kutia kalafati ya kuziba. Na hiyo sehemu ya chini ndani, pale maji yanapojikusanya, yaitwa ngama. Isafishe ngama mpaka ing'ae, usiache hata mchanga.

OmoshWaDunga
Mzee amesema kweli ila usijaze hadi juu. Lita moja ni kilo moja. Lita 400 ni kilo 400 na hiyo trela haikutengenezewa hivyo, wala bati lenyewe, juu ziwani maji yanalisukuma kutoka nje, sasa wewe utakuwa unalisukuma kutoka ndani na chini hakuna kitu. Tia ya kufika kifundo cha mguu tu na uweke matairi chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti. Na beringi.

BabaNeema
Apdeti. Sikutia maji, Mungu alitia. Mnakumbuka ile mvua ya Alhamisi usiku? Boti ilikuwa kwa trela, nimeiziba kile kishimo cha nyuma cha kutolea maji, turubai upepo ukaipeleka kwa jirani. Naamka saa kumi na moja na nusu kwenda kazi naona chini ya boti kunadondoka. Sikwenda kazi. Nimetandika katoni ya biskuti kwa tope, nikalala chali na tochi ya simu mdomoni, nikachukua kreyoni nyekundu ya Neema, hiyo inashika hata kwa bati lenye maji, nikawa naangalia tone moja moja. Kuna ribiti zinadondosha haraka, tip tip tip, kuna zingine unaona tu jasho limekusanyika kichwani linakua linakua, unahesabu hadi 30 ndio lidondoke. Kila moja nimezungushia duara. Jumla 23, karibu zote mstari wa chini pande mbili za mkuku. Na cha ajabu, hakuna hata moja ilikuwa na lami. Yule mpaka lami alikuwa anapaka ribiti nzima.

Boti nzima ilikuwa na maji ya kama inchi tatu. Swali, sasa hizi 23 nazifanyaje? Nipige zile ribiti za bunduki ya mkono?

HangaaSita
Hizo za bunduki hapana. Mimi ni fundi wa mabati ya ndege pale Wilson, ribiti ndio ugali wangu. Ribiti ya bunduki ya kawaida ni bomba, katikati kuna tundu la ule msumari unaokatika, utakuwa umetoa ribiti inayovuja kidogo ukaweka inayovuja kabisa. Kuna aina iliyozibwa mwisho, hiyo inakubalika pale ambapo mkono haufiki ndani.

Lakini yako mingi haihitaji kutolewa. Imelegea tu, miaka ya kugongwa na mawimbi na kuvutwa kwa mawe. Unaikaza hapo hapo. Watu wawili. Mmoja nje anashikilia chuma kizito kwa kichwa cha ribiti, hata kichwa cha nyundo ya kilo 4 kinatosha, anakiegemea kwa nguvu kisiruke. Wa ndani anagonga mkia wa ribiti na nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, mapigo mafupi matatu manne, si kumi. Ukizidisha unapasua mkia ama unapanua tundu. Sikiliza sauti. Iliyolegea inalia kama kifuniko cha sufuria, ikikaza inalia kavu, kama kugonga jiwe.

Ile itakayokataa, toboa kichwa, itoe, weka mpya ya kujaa. Urefu: ikishapita mabati yote mawili ibaki nje mara moja na nusu ya unene wake. Ribiti ya milimita 5, ibaki 7 na nusu. Na usiniombe za ndege, za kwetu za kawaida zina kopa, yaani shaba, ndani ndio ziwe ngumu, kwa maji tafuta za alumini ya familia ya namba 5000.

BabaNeema
Jumamosi tulipiga kazi na Neema. Ana miaka 11, nilimwekea vitambaa masikioni alafu juu yake hedifoni za mamake. Tuliilaza boti ubavu juu ya matairi, yeye nje ameegemea chuma kwa makalio juu mikono ilichoka kwa ribiti ya nne, mimi ndani. "Daddy hii imelia jiwe." "Hii bado ni kifuniko." Kufikia saa saba alikuwa ananizidi masikio. 20 zilikaza. 3 zilikataa nikatoboa. Jirani wa nyuma alikuja na shuka mabegani, ni mlinzi wa usiku, akaniuliza kwa upole kama ninaunda Safina. Nimempelekea unga pakiti mbili na sasa nagonga baada ya saa nane pekee.

Nikatia maji tena, kifundo cha mguu kama Omosh alivyosema. Zile 23 kavu! Nilipiga nduru. Alafu nikaona chini ya kiti cha katikati, mahali hakuna ribiti hata moja, bati tupu, tone. Nimeangalia kwa kioo cha gari. Bati limelowa lakini tundu sioni. Nimechanganyikiwa.

MsafiKabisa
Paka lami 😂

NahodhaMstaafu
Fungua hicho kiti mwanangu. Usicheze nje wakati ugonjwa uko ndani.

HangaaSita
Ndani ya hivyo viti kuna povu la kufanya boti ielee. Lifungue hata kama ungekuwa huna tundu. Likinywa maji halitoi.

BabaNeema
Wasee kaeni chini.

Kiti ni sanduku la alumini limefungwa kwa ribiti 30 na kitu, ndio maana nilikuwa naliogopa. Nimetoboa zote. Povu ndani limekuwa kama keki imemwagiwa chai, la rangi ya njano, nimelitoa kwa panga vipande vipande nikapima kwa mizani ya mama mboga. Kilo 31. Hilo sanduku ni kama lita 100, povu kavu lingekuwa kilo 3. Yaani huyo mtu alikuwa anavua samaki amebeba zaidi ya nusu gunia la saruji na hajui.

Chini kabisa, kwa ngama, kulikuwa na matope meusi. Nafuta na kitambaa kidole kikashika kitu. Ndururu. Ile senti tano ya wakati wa Mzee Kenyatta, imegeuka kijani. Imeshika kwa bati kama imegandishwa na gundi, nimeibandua na kisu cha siagi, na chini yake kuna unga mweupe kama chumvi, nikaufuta na unyasi, unyasi ukatokea nje. Duara la ndururu kamili limeliwa hadi bati limekuwa karatasi, katikati tundu la ukubwa wa mchele.

Nimekaa kwa debe nikaiangalia hiyo senti dakika kumi. Mtu aliinama, ikamtoka mfukoni, ikapita kwa upenyo wa kiti. Akapaka lami kila mahali pengine.

HangaaSita
😳 Sijawahi kuiona kwa macho ila nimefundishwa shuleni. Ndururu sehemu kubwa ni kopa. Kopa na alumini zikikaa pamoja kwa maji unakuwa umetengeneza betri, na kwa hiyo betri anayeliwa ni alumini. Ndio maana kwa hangaa ukiangusha hata washa moja hatufungi ndege mpaka ipatikane.

MamaTatu
Na hiyo ndiyo sababu boti ya alumini haipakwi zile rangi za kuzuia majani ya baharini zenye kopa. Na BabaNeema, viti vipya utatumia mbao gani?

BabaNeema
Nilikuwa nimeshanunua mbao za saipresi zilizopigwa dawa, zile za kijani kijani, ndio zisioze.

MamaTatu
Ile kijani ni kopa baba. Ndururu kumi elfu.

BabaNeema
Nimezirudisha. Muuzaji alikataa kurudisha pesa, nimechukua misumari na wilbaro. Sikuwa nahitaji wilbaro.

KarizFundi
Sasa hilo tundu usichomelee pia, hata mimi na TIG ningekataa, bati limezunguka limekonda. Kata kiraka kipite uozo vidole viwili kila upande. Pembe zake zote zizungushwe, pembe kali inapasua bati baadaye. Karatasi ya alumini milimita 2, uliza 5052, Industrial Area utapata vipande vya mabaki kwa wanaokata bodi za malori. Usikate sufuria, alumini ya sufuria ni laini. Kiraka kikae na silanti ya poliyurethani katikati, si ile silikoni ya bafu, hiyo ikigusa bati rangi haitashika hapo milele. Ribiti kuzunguka, na silanti ikishafinyika nje uiache ikauke yenyewe, usianze kujaribu na maji kesho asubuhi najua unavyokaa.

BabaNeema
Nilingoja wiki nzima. Kavu. Kavu kabisa. Nimelala kwa katoni tena kuhakikisha.

PesaMbili_Ruiru
Hilo povu usirudishe, boti itakuwa nyepesi, si alumini inaelea?

OmoshWaDunga
Alumini inaelea?? Dondosha kijiko kwa ndoo. Inaelea juu ya umbo, ikijaa maji inaenda chini kama kijiko, na hiyo siku ndio povu linakungojea. Lita moja ya povu inabeba karibu kilo moja ya mtu. Rudisha, tena ziada.

PesaMbili_Ruiru
Chupa za soda basi, zimefungwa vizuri. Bure.

OmoshWaDunga
Zinafanya kazi, sitadanganya, nimeziona. Lakini vifuniko vinalegea kwa jua na huwezi kujua ni ngapi zimejaa maji mpaka siku mbaya. Povu la poliyurethani lenye vitundu vilivyofunga ndio sawa, petroli ikimwagika halitayeyuka kama lile jeupe la kufungia televisheni. Na liinue kidogo kutoka chini, acha njia ya maji kupita kwenda kwa kishimo. La kwanza lilikufa juu lilikuwa limelala ndani ya ngama.

BabaNeema
Ubao wa injini sasa. Nilienda Gikomba nikaomba plaiwudi ya maji, nikapewa "marini bodi" nyeusi inang'aa, nikajua nimefika. Mzee mmoja pale akacheka akaniambia kijana hiyo ni ya kumwagia slabu, jina tu. Nikanunua kipande kidogo na kipande cha nyingine isiyo na jina kubwa, nikarudi nikavichemsha vyote kwa sufuria, jikoni, masaa matatu. Ile nyeusi ilifunguka kingo kama kitabu. Ya pili ilitoka kama ilivyoingia. Nyumba ilinuka gundi siku mbili na nimeambiwa sufuria hiyo sasa ni yangu.

Nimebandika mbili za milimita 18, nikapaka epoksi mara tatu, hasa kingo na ndani ya matundu ya bolti, juu @HangaaSita aliniambia maji huingilia tunduni. Bolti za stenlesi, kila moja nimeipaka silanti isigusane na alumini uchi. Alafu prima ya kung'ata bati, nimepuliza saa hiyo hiyo baada ya msasa, ukingoja hadi kesho oksaidi ishajirudia. Rangi juu ni kijivu. Neema alitaka waridi, tumepatana ndani ya viti iwe waridi.

NahodhaMstaafu
Umefanya vyema. Jina lake nani?

BabaNeema
Mzee wangu, tutaiita Ndururu. Ilishapakwa kwa omo, ile pua ya mbele, Neema ameandika mwenyewe, R moja imelala.

OmoshWaDunga
Kabla ya kwenda majini itafute leseni, Kenya Maritime Authority ndio hukagua vyombo vidogo, na jaketi ya kuelea kwa kila kichwa. Naivasha usikaribie mafunjo asubuhi na jioni, kiboko hana habari na ribiti zako. Beringi ulibadilisha?

BabaNeema
Wasee nimerudi. Mkaguzi aliipitisha vizuri, akagonga gonga ribiti na kalamu, nikatamani kumwambia inalia jiwe. Jumamosi tuliiteremsha Naivasha, bado haina injini, makasia tu. Nilikaa saa nzima naangalia ngama badala ya kuangalia ziwa. Mama Neema alikuja pia, akakaa kiti cha katikati, akauliza kama hapo ndipo pesa ilipotea, nikamwambia ndiyo, senti tano. Akasema na elfu 40. Maji yaliyoingia ni ya kasia la Neema, nimeyafuta na sponji, kikombe kimoja hakijai. Perege wawili wadogo, tuliwarudisha.

Kurudi tumefika Kinungi saa moja usiku naona moshi kwa kioo. Gurudumu la kushoto la trela limejifunga, beringi imesagika imekuwa unga, ekseli imekuwa buluu. @OmoshWaDunga usiseme kitu. Tumelaza boti kwa kibanda cha mama wa viazi, amekubali mia tano kwa usiku na ameuliza kama inauzwa. Ekseli haina alama yoyote ya namba. Ndani ya beringi nimepima milimita 25 na kitu, nje imekwisha siwezi kupima. Nani anajua duka Kirinyaga Road litanifungulia Jumapili?

OmoshWaDunga
Sisemi kitu. Beba hiyo ekseli yenyewe usibebe vipimo.

KarizFundi
Jumapili mengi yamefungwa, nenda Jumatatu mapema. Na ununue mbili, ya kulia pia inakaribia.